Ngitili ya Ghorofani

"Mbuzi wako wamekula msamaha wangu wa kodi," Ngeleja alisema akiwa amesimama katikati ya ngazi, "na wewe unageuza maandazi kama vile hakuna kitu."

"Wamekula majani," Milembe akajibu bila kuinua macho kwenye karai. "Mbuzi hajui kodi. Angekuwa anajua, naye angekuwa ananunua pamba."

Watu waliokuwa wakinywa uji kwenye mabenchi wakainamia vikombe vyao, wapate kucheka bila kuonekana meno. Ngeleja alikuwa mwenye jengo, na mwenye jengo huchekwa kwa adabu.

"Majani gani? Kule juu ni mradi. Mradi una wafadhili. Mbuzi wawili, usiku mmoja, wamenyoa paa zima. Walipandaje?"

"Kwa ngazi, kama unavyopanda wewe."

"Na wameshuka wenyewe," Januarius fundi cherehani akaingilia kutoka barazani, sindano zikiwa mdomoni. "Wameshiba, hawajamsumbua mtu. Wapangaji wengine hapa hawana tabia nzuri kama ile."

"Wewe shona. Milembe, nisikilize. Ijumaa yule Joakim wa mradi anakuja kukagua. Akikuta upara, ule unafuu wa nusu ya kodi ya jengo unafutwa, na simenti waliyonipa wataidai. Basi akikuta upara, Jumamosi asubuhi masufuria yako yatakuwa barabarani na wewe utakuwa pembeni yake. Nimemaliza."

Akapanda juu. Januarius akatema sindano kiganjani. "Mtu akisema nimemaliza, ujue ndiyo kwanza anafungua duka."

Milembe akacheka pamoja na wengine, lakini andazi lililokuwa kwenye karai liliungua, na maandazi ya Milembe hayakuwa na historia ya kuungua. Chumba kile cha chini alichopanga kilikuwa ndiyo maisha yake. Malori ya kutoka Maswa na Lalago yalisimama mlangoni pale pale. Makondakta, wachuuzi wa kuku, mashemeji wa watu, wote walikula kwake, na habari ya Bariadi haikuwa habari mpaka ipite kwenye mabenchi yake. Angeweza kupata chumba kingine nyuma ya stendi, ndiyo, akapikie kunguru. Milembe hakuwa mtu wa kupikia kunguru. Akiamka akakuta nyumba ina watu watatu tu, alijiuliza nani kafa.

Jengo lenyewe lilikuwa ghorofa moja, na kila mtu mjini alijua lilivyopanda. Miaka ile ushirika ulikuwa umenyang'anywa soko lake la peke yake, na kila aliyekuwa na mizani na lori la kuazima aliamka mnunuzi wa pamba. Ngeleja aliamka mapema kuliko wengi. Alizunguka Sola, akazunguka Lalago, akiingiza mkono kwenye magunia ya wakulima na kuutoa na sura ya mtu aliyeguswa na msiba: pamba hii ina mchanga, pamba hii imemwagiwa maji, hii siwezi kuichukua kwa bei hiyo, labda hii. Mchanga na maji ya watu vikamjengea ghorofa. Juu akamwaga zege bapa, akaacha nondo zimesimama kama nywele za mtu aliyeona fisi, kwa sababu ghorofa ya pili ilikuwa njiani. Ilikuwa njiani kwa miaka kadhaa.

Ndipo ukaja mradi. Joakim alikuja na Land Rover na kofia pana, akaitisha semina, akawaambia wenye majengo kwamba miji ya wenzetu huko nje inaotesha nyasi juu ya mapaa. Paa lenye nyasi hupoza vyumba, alisema, feni hazihitajiki. Hunywa mvua, barabara haifuriki. Zege halipasuki kwa jua. Na kwa kuwa mwanadamu hasogei bila kusukumwa, mradi ungemlipia mwenye jengo nusu ya kodi ya jengo lake kila mwaka, na kumpa simenti na nailoni ya kuzuia maji. Sharti moja tu: faida ishuke hadi kwa mpangaji. Pango lipungue.

Mzee mmoja pale kwenye semina aliuliza kama hawa ndio wale wale waliowaambia miaka ya nyuma waondoe nyasi juu ya nyumba waweke bati. Joakim akasema hilo ni swali zuri, kisha wakaenda kunywa soda.

Ngeleja alisikia neno nusu, mengine akamwachia mzee. Mwezi ule ule akaanza kupandisha udongo wa mbuga juu ya paa, ndoo kwa ndoo, mchanga kidogo, maji mengi, na mtaa mzima ukasimama kutazama.

"Leo na yeye anaongeza uzito," Januarius alisema, na maneno hayo yakafika Sola kabla ya jua kuzama.

Nyasi zikaota. Vyumba vikapoa kweli, haki ya mtu apewe. Milembe alipoanza kumshukuru Mungu kwa ubaridi ule, Ngeleja akashuka na kumwambia kwamba sasa, kwa kuwa anakaa chini ya hewa ya kisasa, pango litapanda. La Januarius nalo likapanda. Ulipofika ukame, mwenye jengo akaamuru maji ya kuoshea vyombo yasimwagwe tena barabarani. Yapandishwe juu yanyweshe mradi. Kwa hiyo Milembe alilipa zaidi ili apate nafasi ya kupandisha ndoo, na akishapandisha, yale maji yalipita kwenye ufa fulani ambao nailoni haikuufikia, yakashuka ghorofa nzima, yakamdondokea kwenye sufuria.

"Usilalamike," Januarius alimwambia. "Mwenye nyumba anakuongezea mchuzi."

Ndiyo maana mbuzi walipopanda usiku ule, Milembe alisikia kwato zao kwenye ngazi na hakunyanyuka. Alijigeuza upande wa pili akawaza: maji ni yangu, na mbuzi ni wangu.

Jumatano jioni lori la pamba la Ngeleja likasimama mlangoni, na halikuwa na pamba. Lilikuwa limejaa nyasi, nyasi za kweli, ndefu, zimekatwa kwa majembe pamoja na mizizi na udongo wake, zimepangwa bapa kwa bapa kama mikate. Vibarua wakazipandisha juu. Mpaka giza linaingia, paa lilikuwa limevaa kichwa kipya.

"Umezitoa wapi?" Milembe aliuliza. Moyo wake ulikuwa umetulia kidogo. Paa likiota, masufuria hayatoki.

"Kwetu Nkololo. Kwenye ngitili ya ukoo."

Vikombe vya chai vikasimama hewani. Kila mtu pale benchini alikuwa na kwao, na kila kwao kulikuwa na ngitili: kile kipande cha nyasi kinachofungwa tangu masika, hakiguswi na ng'ombe wa mtu yeyote, mpaka kiangazi kikaze na wenyewe wakubaliane siku ya kukifungua. Ngitili hulishwa. Hakuna aliyewahi kusikia ngitili iliyopakiwa.

"Wameifungua tayari?" Januarius akauliza polepole.

"Nina sehemu yangu. Baba aliniachia. Nimechukua sehemu yangu."

"Na mizizi?"

"Nyasi bila mizizi itasimama juu ya zege kwa maombi?" Ngeleja akajifuta jasho. "Sasa wote mnisikie. Ijumaa Joakim akiwauliza habari ya pango, semeni limeshuka. Na wewe Milembe, mafuta ya lori hili na vibarua, hilo ni deni la mbuzi wako. Nitaliweka kwenye pango la mwezi ujao. Hutaki, Jumamosi ni ile ile."

Akapanda kwenda kuzinyweshea maji. Milembe akabaki ameshika taulo. Kutoka alikuwa hatoki, ila angebaki kwa pango ambalo biashara ya uji na maharage haiwezi kulibeba. Yaani angetolewa polepole badala ya kutolewa Jumamosi.

"Sema ukweli mbele ya Joakim," mtu mmoja akamshauri.

"Nikisema ukweli, paa linaanguka mtihani, nami natoka. Nikisema uongo, nabaki nikilipa mafuta ya lori. Nipe la tatu."

Wakamwomba chai nyingine.

Ijumaa asubuhi mtaa uliwasikia kabla ya kuwaona. Kengele za shingoni, mluzi, kisha mlio ule wa ng'ombe aliyetembea mbali na hajanywa. Wakakata kona ya soko, ng'ombe kundi zima na ndama wao, wakiswagwa na watu wa Nkololo ambao walikuwa wametoka kwao jana yake na kulala njiani. Mbele yao alitembea mwanamke mrefu, kanga mbili, fimbo moja: Nyamizi, dada mkubwa wa marehemu baba yake Ngeleja. Kina mama wenye nyanya wakavuta mikeka yao. Lori la Maswa likapiga honi, ng'ombe mmoja akaligeukia akalitazama, lori likanyamaza.

"Mwangaluka, mayu," Nyamizi akamsalimia Milembe kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, shangazi. Karibuni. Mmefuata mnada?"

"Tumefuata nyasi." Akainua fimbo kuelekea juu, ambako majani ya Nkololo yalikuwa yakichungulia barabara kutoka kwenye ukingo wa paa. "Ngitili ikifunguliwa, inafunguliwa kwa wote. Huyu mtoto wa kaka yangu ameifungua Jumatano bila kutuambia. Sawa, ameifungua. Ng'ombe watakula pale ilipo."

Ngeleja alishuka ngazi na shati la kukaguliwa, limepigwa pasi mpaka mistari. Alipomwona shangazi yake, magoti yakainama yenyewe kwa heshima kabla kichwa hakijaamua.

"Shangazi. Hii ni ghorofa."

"Naiona."

"Ng'ombe hawapandi ghorofa."

"Wakubwa hawapandi, ndiyo. Ndiyo maana nimeleta na ndama."

"Shangazi, leo kuna mkaguzi. Kesho nitakuja Nkololo mwenyewe tukae, tuzungumze kama watu."

"Jumatano ulikuja Nkololo mwenyewe. Hukukaa."

Vijana wa Nkololo walikuwa wamekwisha anza kazi. Mmoja anavuta masikio, mmoja anasukuma nyuma, ndama wa kwanza akapanda ngazi za zege huku akinya hofu yake yote njiani, na wa pili, alipoona wa kwanza hajafa, akapanda kwa hiari. Januarius aliacha cherehani. Mtaa wote uliacha kila kitu. Milembe peke yake ndiye aliyeongeza maji kwenye sufuria, kwa sababu alikuwa anahesabu vichwa kwa mazoea, na vichwa vilikuwa vingi.

Land Rover ikafika katikati ya hayo. Joakim akashuka, akavua miwani, akaivaa tena. Ndama wanne walikuwa wamesimama dhidi ya anga la Bariadi, katikati ya nondo, wakitafuna.

"Ndugu Ngeleja," akasema, "hawa ni akina nani?"

"Ni wageni."

"Sisi ni wenye nyasi," Nyamizi akasema.

Uso wa Joakim ukang'aa. "Mnataka kusema jamii imeshirikishwa?"

"Hatukushirikishwa chochote. Tumejishirikisha."

"Ushirikishwaji wa hiari," Joakim akanong'ona, na mtu yeyote aliyewahi kuhudhuria semina yake angejua kwamba neno hilo limeshaingia kwenye taarifa. Akapanda juu, Nyamizi nyuma yake, Ngeleja nyuma ya Nyamizi, na mtaa nyuma ya wote mpaka ngazi zikajaa. Milembe alipenya kwa viwiko. Mama lishe ana viwiko.

Juu kule Joakim aliinama akavuta unyasi. Bapa zima likanyanyuka pamoja nao kama kifuniko, chini yake zege likamtazama.

"Hizi zimeota lini?"

Ngeleja alifungua mdomo. Nyamizi akawahi. "Zimeota tangu babu yake. Hapa zimefika Jumatano."

Ndama wakaendelea kutafuna. Milembe akayaona masufuria yake barabarani. Lakini Joakim hakukunja uso. Aliurudisha unyasi mahali pake, akaupigapiga kama mtu anayelaza mtoto, akatazama mapaa mengine ya mji. Wenye majengo wengine waliochukua simenti ya mradi walikuwa wameipeleka walikojua wenyewe. Mmoja alijengea choo, choo kizuri, na juu yake hapakuwa na hata jani. Na wafadhili walikuwa wanakuja mwezi ujao na kamera zao. Katika Bariadi nzima paa lenye uhai lilikuwa hili, na uhai wenyewe ulikuwa unameza.

"Teknolojia ya kuhamisha nyasi zilizokomaa," Joakim akasema mwishowe. "Nitaliandika vizuri. Kitu kimoja tu ndicho kinanibana, ndugu Ngeleja, maana hilo wafadhili wataliuliza kwa midomo yao. Mpangaji amenufaika?" Akageuka. "Mama, wewe ni mpangaji? Pango limeshuka?"

Ngeleja akamtazama Milembe. Yalikuwa macho yale yale ya kwenye magunia ya Sola, ila safari hii mkono uliokuwa ndani ya gunia haukuwa wake.

Milembe alijifuta mikono kwenye kanga, taratibu, kila kidole. La tatu lilikuwa limepanda ngazi na fimbo mkononi.

"Mimi nikisema limeshuka," akasema, "watu watasema nimehongwa. Nikisema halijashuka, watasema nina kinyongo cha mbuzi. Nipo mbele ya shangazi yake na watu wa kwao. Mwenye nyumba aseme mwenyewe. Nitakubali lolote atakalosema."

"Umesema vizuri, mayu," Nyamizi akasema, akampa mtoto wa kaka yake uso mzima. "Sema, baba. Limeshuka?"

Ngeleja aliangalia ndama. Ndama hawakumsaidia. Akisema halijashuka, simenti na kodi vinamrudia. Akisema limeshuka, limeshuka mbele ya ukoo, mbele ya wapangaji, mbele ya soko lote lililokaa ngazini.

"Limeshuka," akasema.

"Vizuri sana. Limeshuka kufikia wapi?" Joakim alikuwa amekwisha kutoa kalamu.

"Lilipokuwa."

"Lilipokuwa lini?" Milembe akauliza kwa upole, kama anayeuliza mgeni anataka maharage au dagaa. "Kabla ya nyasi?"

"Kabla ya nyasi."

"Hilo ni kurudi," Januarius akasema kutoka ngazi ya tatu. "Kushuka kunaanzia hapo. Wewe umepunguziwa nusu, baba."

Mtu akacheka huko chini, na Ngeleja akajua kwamba akikaa juu pale dakika nyingine watamfikisha kwenye bure. "Na robo chini yake," akasema haraka. "Kwa wapangaji wote. Kuanzia mwezi huu."

"Na mafuta ya lori?" Milembe akauliza.

"Mafuta gani ya lori?" Joakim akainua kichwa.

"Hakuna mafuta," Ngeleja akasema. "Lori ni langu."

"Basi mmesikia," Nyamizi akawaambia watu, na watu wakasema wamesikia, wa ngazini wakawapa wa chini, wa chini wakawapa wa sokoni, na habari ikafika stendi ikiwa nusu ya pango badala ya robo, na wapangaji wa majengo mengine wakaanza kuwatazama wenye majengo yao kwa jicho jipya.

Joakim akapiga picha ya ndama, akapeana mikono na kila mtu mwenye mkono, akaondoka akiwa na furaha ya mtu ambaye hakudanganya sana.

Ngeleja alidhani imekwisha. Nyamizi akagonga zege kwa fimbo.

"Hayo yalikuwa ya mji. Sasa ya kwetu. Ngitili hulishwa, haing'olewi. Pale ulipochimba, mvua ya kwanza itachukua udongo. Wafadhili wakishapita, utarudi na hizi nyasi, zitakazobaki, uzipande kwa mikono yako, sio ya vibarua. Na hawa watu wametembea, wamelala njiani, hawajala. Faini ni kondoo wawili na unga wa kuwatosha. Leo."

"Shangazi, leo hela yangu yote ipo kwenye pamba."

"Basi itoe kwenye pamba. Itakuwa imepungua mchanga."

Hata Ngeleja alikaribia kucheka, akajizuia. Kondoo wakanunuliwa sokoni, wakachinjwa nyuma ya jengo, na mpishi hakuwa na haja ya kutafutwa. Milembe aliomba alipwe kabla ya kuwasha moto, akalipwa, akawasha mafiga yote. Mpaka saa nane chumba kilikuwa kimejaa hadi watu wanapumua kwa zamu: watu wa Nkololo kwenye mabenchi, makondakta wamechuchumaa, wauza nyanya na watoto mgongoni, Januarius amekalia meza yake ya cherehani iliyoingizwa ndani. Michembe ya viazi vikavu na karanga zilizunguka kwanza, kisha ugali, kisha nyama. Ng'ombe wakubwa walikuwa wamenyweshwa na kufungwa barabarani, na Land Rover yoyote ambayo ingetaka kupita ingesubiri. Milembe aliwatazama walaji wake akahisi mwili wote umepata nafasi yake.

Ngeleja hakuingia. Alikuwa amewashusha ndama mmoja mmoja, kwa kuwa vijana walikataa kula huku wakifanya kazi, na shati la kukaguliwa lilikuwa na mistari mipya. Sasa alisimama chini ya ngazi zake, kwenye kivuli cha jengo lake, kama mteja asiye na uhakika kama duka limefungwa. Kwao Nkololo kila mtu alijua: aliyetozwa faini asipoila na aliowakosea, faini haijalipwa. Hatakopeshwa moto, hatasaidiwa kuzika. Lakini pia hawezi kujikaribisha. Na ndani hapakuwa na aliyekuwa na haraka. Wengine walikuwa na magunia ya pamba moyoni, walitafuna wakimtazama kupitia mlangoni.

Nyamizi naye hakumkaribisha. Mlango haukuwa wake, wala kwa siku ile haukuwa wa mwenye jengo.

Milembe alijaza sahani, mfupa mzuri juu, akatoka nayo hadi kizingitini. Alimwacha asimame kidogo zaidi, kiasi cha mtu kupoza mchuzi. Kisha akasogeza mguu wa mtoto mmoja, akamwambia kondakta abane, na benchi likatoa nafasi ya kiganja kimoja kando ya shangazi.

"Ingia ule, Ngeleja," akasema. "Nawa kwanza, mikono yako ina samadi."